Rube Foster, mrushaji wa Chicago aliyedai nusu ya mapato ya mlangoni

KWA miaka mingi timu za besiboli za Wamarekani Weusi zilicheza kwenye viwanja ambavyo si vyao, kwa ratiba iliyopangwa na watu wengine. Mechi ikiisha, zilipewa bahasha ambayo hesabu yake aliijua mwenye uwanja peke yake. Watazamaji walikuwepo na vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni mkono wao kwenye sanduku la viingilio.

Mtu aliyeugeuza utaratibu huo ni Andrew Foster, maarufu kwa jina la Rube, mrushaji mpira aliyefika Chicago mwaka 1902 akiwa kijana wa miaka 22. Hadi anafariki dunia Desemba 9, 1930, alikuwa amepita kwenye uchezaji, ukocha, umiliki wa timu, udalali wa mechi na urais wa ligi ya kwanza ya Weusi iliyodumu nchini Marekani.

Hata hivyo, alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na mkewe aliambulia patupu kutoka kwenye timu aliyoijenga. Kwa anayeishi kwa kununua na kuuza kati ya mji na mji, habari za Foster zinagusa biashara kama zinavyogusa michezo.

Mtoto wa mzee wa kanisa

Foster alizaliwa Septemba 17, 1879 katika mji mdogo wa Calvert, jimbo la Texas, eneo la mashamba ya pamba. Baba yake alikuwa mtumishi wa kanisa la Methodist. Kijana huyo aliacha shule baada ya darasa la nane na kufuata besiboli, akianza na timu ya Waco Yellow Jackets iliyozunguka miji ya Texas na majimbo jirani.

Katika besiboli kila kitu huanzia kwa mrushaji. Anasimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Akimshinda kwa kasi au kwa hila, mpigaji anatoka. Akishindwa yeye, mpira unapigwa mbali na mpigaji anakimbia kuzunguka vituo. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake inapata pointi moja.

Foster alikuwa na mwili mkubwa na kasi ya kutisha, lakini silaha yake kuu ilikuwa akili. Alijifunza kumsoma mpigaji, kumchelewesha, kumchekea usoni na kumtupia mpira asioutarajia.

Ligi kubwa za Wazungu hazikuwa na sheria iliyoandikwa ya kumzuia mchezaji Mweusi. Kulikuwa na makubaliano ya kimyakimya kati ya wenye timu, yaliyojengeka tangu miaka ya 1880, na makubaliano hayo yalifanya kazi kuliko sheria yoyote. Kwa hiyo Foster, hata awe bora kiasi gani, alikuwa na soko moja tu: timu za Weusi zilizosafiri mji hadi mji kutafuta mtu wa kucheza naye.

Baada ya kupita Chicago mwaka 1902 katika timu ya Frank Leland, alielekea mashariki. Mwaka 1903 aliisaidia Cuban X-Giants kuifunga Philadelphia Giants katika mfululizo wa kutafuta bingwa wa Weusi, akishinda mechi nne yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata alihamia kwa hao hao Philadelphia Giants, akawafunga waajiri wake wa zamani. Katika mechi mojawapo aliwatoa wapigaji 18 bila kuugusa mpira.

Jina la Rube linasimuliwa kuwa alilipata baada ya kumshinda Rube Waddell, mmoja wa warushaji mashuhuri wa ligi za Wazungu wa wakati huo, katika mechi ya kirafiki. Jina lilimkaa hata watu wengi wakasahau kwamba anaitwa Andrew.

Hesabu inaanza mlangoni

Mwaka 1907 Foster alirudi Chicago akiwa mchezaji na kocha wa Leland Giants, timu ya yule yule Frank Leland aliyemleta mjini miaka mitano kabla.

Chicago ya wakati huo ilikuwa mji wa besiboli kuliko miji mingi. Mwaka 1906 timu zake mbili kubwa, White Sox na Cubs, zilikutana zenyewe kwenye fainali ya taifa na White Sox wakashinda. Cubs wakatwaa ubingwa mwaka 1907 na 1908. Chini ya vigogo hao kulikuwa na ulimwengu mwingine wa timu za mitaa zilizocheza kila Jumapili na kulipwa kutokana na viingilio. Wachezaji wake walikuwa wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi na wachezaji waliotoroka ligi kubwa.

Katika soko hilo la Jumapili, ubaguzi ulilegea mbele ya fedha. Timu za Wazungu zilikubali kucheza na Leland Giants kwa sababu Leland Giants walijaza uwanja.

Hapo ndipo Foster alipoona kile ambacho wengine walikizoea. Timu za Weusi zilikuwa zikipokea malipo madogo, huku sehemu kubwa ya mapato ikibaki kwa wenye viwanja na madalali wa mechi. Foster aliomba kazi ya kupanga mechi iwe yake. Kisha akawaambia wenye viwanja kwamba timu yake inataka asilimia ya viingilio, na lengo lake likawa nusu kwa nusu.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa. Ikiwa watu wamekuja kuziona timu mbili, basi timu mbili zigawane walicholipa. Aliyekataa alikosa mechi, na aliyekosa mechi na Leland Giants alikosa Jumapili yake nzuri kuliko zote. Wengi walikubali.

Uwanjani kazi haikuwa na shaka. Msimu wa 1907 timu hiyo inahesabiwa kushinda mechi 110 na kupoteza 10, zikiwamo ushindi wa mechi 48 mfululizo.

Oktoba 1909 ulikuja mtihani mkubwa: mechi tatu dhidi ya Cubs. Foster alikuwa amevunjika mguu katikati ya mwaka na hakuwa amepona sawasawa, lakini alirusha mechi ya pili. Hadi kuingia awamu ya tisa na ya mwisho, Leland Giants walikuwa mbele kwa pointi 5 dhidi ya 2. Cubs wakasawazisha. Foster, akiwa amechoka, alisogea pembeni ya uwanja kutaka kubadilishwa. Wakati mabishano yakiendelea, mchezaji wa Cubs aliyekuwa kituo cha tatu akakimbia na kufunga pointi ya ushindi. Malalamiko kwamba mchezo ulikuwa umesimama hayakusikilizwa. Matokeo yakabaki 6 kwa 5.

Cubs walishinda mechi zote tatu, mbili kati ya hizo kwa tofauti ya pointi moja tu. Foster aliomba marudiano na hakuyapata.

Mwaka 1910 aliachana na Frank Leland, na ugomvi wao ukafika mahakamani. Foster alitoka akiwa na haki ya kutumia jina la Leland Giants, ingawa Leland mwenyewe alikuwa upande wa pili. Akasajili wachezaji bora wa nchi nzima, akiwamo John Henry Lloyd, Pete Hill, Bruce Petway na Frank Wickware. Timu hiyo inatajwa kushinda mechi 123 na kupoteza 6 tu, na Foster mwenyewe aliihesabu kuwa bora kuliko zote alizowahi kuziona.

Uwanja wa Mtaa wa 39

Bado kulikuwa na tatizo moja ambalo ushindi haukuweza kulitatua. Foster alikuwa na timu, lakini hakuwa na uwanja.

Mwaka 1910 White Sox walihamia uwanja mpya uliojengwa na mmiliki wao, Charles Comiskey. Nyuma yao waliacha eneo lao la zamani kwenye makutano ya Mtaa wa 39 na Barabara ya Wentworth, upande wa kusini wa jiji. John Schorling, Mzungu mwenye baa ambaye inaelezwa alihusiana na Comiskey kwa ndoa, alilichukua eneo hilo.

Schorling alikuwa na uwanja bila timu na Foster alikuwa na timu bila uwanja. Mwaka 1911 wawili hao wakaungana na kugawana mapato nusu kwa nusu. Timu ikapewa jina jipya: Chicago American Giants.

Wentworth haikuwa barabara ya kawaida. Mashariki yake walikaa Weusi. Magharibi yake vilianza vitongoji vya Wazungu, wengi wao wenye asili ya Ireland, ambako Mweusi hakupita kwa amani. Uwanja wa Foster ulisimama mpakani kabisa, na ukavuta watu wa pande zote mbili.

Kiingilio kilikuwa senti 50, na mtazamaji alipata maji ya barafu bure. Inasimuliwa kwamba Jumapili moja ya mwaka 1911, siku ambayo Cubs, White Sox na American Giants wote walicheza nyumbani, timu ya Foster ndiyo iliyopata watazamaji wengi kuliko zote.

Kwa safari, Foster alikodi behewa maalumu la treni. Wachezaji walilala na kula humo, jambo lililowapa heshima mitaani na kuwaondolea adha ya kufukuzwa kwenye hoteli na migahawa ya Wazungu. Majira ya baridi walikwenda California, Florida na Cuba. Huko nako waliendelea kucheza na kuingiza fedha wakati timu nyingine zimefunga hesabu.

Mpira wa hesabu ndogo

Foster alipopunguza kurusha na kubaki kocha, aliufundisha mchezo kama mfanyabiashara anayeamini faida ndogo ya kila siku kuliko bahati ya mara moja.

Timu nyingi zilisubiri mtu mmoja aupige mpira mbali. Foster aliwataka wachezaji wake wauguse mpira kwa gongo uanguke karibu, kisha wakimbie kabla mlinzi hajauokota. Alitaka waibe kituo mrushaji wa upande wa pili akiwa anafikiri, na wamchoshe mpinzani hadi akosee. Asiyeweza kuugusa mpira ukaangukia pale alipoagizwa hakukaa sana kwenye timu hiyo.

Alikaa benchi akiwa na kiko mdomoni, na wachezaji walisoma maagizo yake kwenye moshi na mwendo wa kiko hicho. Mwaka 1921 timu yake inasimuliwa kuwa nyuma kwa pointi 18 bila jibu dhidi ya Indianapolis ABCs. Ikarudi kwa mchezo huo wa kugusa na kukimbia, mechi ikaisha sare ya 18 kwa 18.

Alikuwa mkali wa nidhamu, lakini aliwaita watu kwa maneno ya mapenzi, awe mchezaji, mwandishi au mdai. Waliomfahamu walijua kwamba maneno hayo matamu hayakupunguza faini.

Jiji linajaa, jiji linawaka

Wakati huo Chicago ilikuwa ikibadilika. Vita Kuu ya Kwanza ilikata mkondo wa wahamiaji kutoka Ulaya huku viwanda na machinjio makubwa ya nyama yakihitaji vibarua. Weusi wa majimbo ya kusini, waliochoshwa na umaskini na mauaji, walipanda treni kwenda kaskazini. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, liliwahimiza waje.

Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na Weusi 44,103. Mwaka 1920 walikuwa 109,458. Kwa Foster hao walikuwa ndugu waliotoka kusini kama yeye, na pia walikuwa wateja wapya wenye mshahara na Jumapili ya mapumziko.

Lakini nyumba hazikuongezeka kama watu, na kila mtaa uliosogezwa mpaka ulizua ugomvi. Julai 27, 1919, kijana Mweusi aliyeitwa Eugene Williams alikufa maji ziwani Michigan baada ya kurushiwa mawe kwa sababu aliogelea karibu na sehemu iliyohesabiwa kuwa ya Wazungu. Polisi hawakumkamata aliyetuhumiwa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, Weusi 23 na Wazungu 15, na kujeruhi zaidi ya 500. Barabara ya Wentworth, iliyopita kando ya uwanja wa Foster, ilikuwa mojawapo ya mistari ya mapigano.

Foster alikuwa ameanza kufikiria ligi kabla ya ghasia hizo, na mwaka huo huo alikuwa amesaidia kuanzishwa kwa Detroit Stars. Miezi iliyofuata aliandika mfululizo wa makala katika Chicago Defender akieleza maradhi ya biashara ya besiboli ya Weusi. Wenye timu waliibiana wachezaji katikati ya msimu. Wachezaji waliruka kutoka timu hadi timu kwa kuahidiwa dola chache zaidi. Ratiba haikuaminika, na madalali walivuna bila kupanda.

Aliwaonya wenzake kwamba kila mmoja akiendelea kuvuta kamba upande wake, wote watabaki wapangaji kwenye viwanja vya watu.

Siku mbili za Kansas City

Februari 13, 1920, wenye timu za miji ya kati ya Marekani walikutana katika jengo la YMCA la Barabara ya Paseo, mjini Kansas City, jimbo la Missouri. Walikuwamo C.I. Taylor wa Indianapolis, Tenny Blount wa Detroit na J.L. Wilkinson wa Kansas City, Mzungu pekee kati ya wenye timu na mtu aliyeheshimiwa na wachezaji wake.

Wengi walidhani wamekuja kuzungumza. Foster alikuja na nyaraka za usajili zilizokwisha kuandaliwa. Waandishi wa magazeti ya Weusi wakisaidiana na mwanasheria Elisha Scott waliandika katiba, na kesho yake wenye timu wakaitia saini. Ligi ya Taifa ya Weusi ikazaliwa.

Timu zilikuwa nane: Chicago American Giants, Chicago Giants, Cuban Stars, Dayton Marcos, Detroit Stars, Indianapolis ABCs, Kansas City Monarchs na St. Louis Giants. Kila timu iliweka dhamana ya dola 500. Katiba ilikataza kuibiana wachezaji. Foster alichaguliwa rais, na kwa kazi ya kupanga mechi alichukua asilimia 5 ya viingilio vya michezo ya ligi.

Alitoa kabla ya kupokea. Oscar Charleston, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji bora wa kizazi chake, alikuwa American Giants mwaka 1919. Msimu wa kwanza wa ligi akachezea Indianapolis, ili timu hiyo isiwe dhaifu. Foster alielewa kwamba ligi yenye timu moja yenye nguvu haina wateja. Mshindani wako akifunga duka, soko zima linakufa.

Mechi ya kwanza ilichezwa Mei 2, 1920 mjini Indianapolis, wenyeji ABCs wakiwafunga Chicago Giants 4 kwa 2. Ligi ikaanza kuzunguka kwa reli kati ya Illinois, Indiana, Ohio, Michigan na Missouri.

Mwaka huo huo ligi za Wazungu zilikumbwa na aibu iliyotokea hapo hapo Chicago, ilipofichuka kwamba wachezaji wa White Sox walihusika na kuuza fainali ya 1919 kwa wacheza kamari. Wenye timu walimteua Jaji Kenesaw Mountain Landis, naye wa Chicago, kuusafisha mchezo. Alifungia wachezaji wanane maisha. Mlango wa Weusi haukuguswa.

Rais mwenye timu

American Giants walitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1920, 1921 na 1922. Malalamiko yalianza mapema, na hayakuwa ya wivu mtupu.

Foster alikuwa rais wa ligi, mtunza fedha, mpanga ratiba, kocha na mwenye timu bingwa. Timu yake ilikuwa na uwanja wake na michezo mingi ya nyumbani, wakati Chicago Giants na Cuban Stars zilianza bila uwanja kabisa. Waliomlalamikia walisema ratiba ilipangwa kwa faida ya Chicago, na kwamba asilimia 5 ilimtoka kila mtu ikaingia mfuko mmoja.

Waliomtetea nao walikuwa na ushahidi. Mara nyingi timu iliyokwama safarini bila nauli ilimpigia simu Foster, naye akatuma fedha. Aliwakopesha wenye timu waliokosa mishahara ya wachezaji. Deni nyingine hazikurudi. Alifanya kazi usiku na mchana, ofisini na uwanjani, na hakumkabidhi mtu mwingine sehemu kubwa ya mzigo.

Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa sahihi. Ligi ilisimama kwa sababu Foster aliibeba, na wengine hawakujifunza kuibeba kwa sababu yeye hakuishusha.

Mwishoni mwa 1922 timu za mashariki zilianzisha ligi yao, zikiongozwa na Ed Bolden wa klabu ya Hilldale pamoja na Nat Strong, Mzungu dalali wa mechi mwenye nguvu mjini New York. Zilikuwa na fedha, na zilianza kuwachukua wachezaji wa ligi ya Foster. Indianapolis, iliyokwisha kumpoteza C.I. Taylor aliyefariki mwaka 1922, iliumia kuliko wengine na kuondoka katikati ya msimu wa 1924.

Foster alipambana, kisha akakubali kuzungumza. Mwaka 1924 ligi hizo mbili zilikubaliana kuheshimu mikataba ya wachezaji na kuandaa fainali ya pamoja. Kansas City Monarchs waliwafunga Hilldale mechi tano kwa nne, moja ikiisha sare. Ubingwa wa ligi ulikuwa umetoka Chicago, na rais alilazimika kuutazama ukienda kwa wengine.

Gesi, kisha giza

Mei 1925, akiwa mjini Indianapolis na timu yake, Foster alikutwa amepoteza fahamu katika nyumba ya wageni baada ya gesi kuvuja. Aliokolewa na akarudi kazini, lakini waliomzunguka waliona mabadiliko. Mwaka 1926 tabia zake zikawa za kutisha kwa familia yake, na mwaka huo akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kankakee, kusini mwa Chicago. Hakutoka tena.

Timu haikufa siku hiyo. Chini ya Dave Malarcher, mwanafunzi wake wa miaka mingi, American Giants walishinda fainali ya Weusi mwaka 1926 na tena 1927. Mmoja wa nguzo zao alikuwa mrushaji Willie Foster, mdogo wake Rube kwa baba. Ligi ikamkabidhi urais jaji William Hueston.

Lakini upande wa mali ulikuwa mwingine. Mtu aliyewataka wenzake waweke dola 500 mezani na kutia saini katiba alikuwa ameendesha ushirika wake na Schorling, kwa mujibu wa simulizi nyingi, kwa kuaminiana na kupeana mkono. Alipopoteza kumbukumbu, nusu yake ilikosa wa kuitetea. Mkewe, Sarah, hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Schorling aliendelea kuwa mwenye timu, na mwaka 1928 akaiuza kwa mfanyabiashara mwingine Mzungu, muuza maua.

Foster alifariki akiwa na umri wa miaka 51. Maelfu ya watu walijitokeza Chicago kumuaga katika baridi ya Desemba, akazikwa kwenye makaburi ya Lincoln nje kidogo ya jiji. Ligi aliyoianzisha ilivunjika mwaka 1931, ikizidiwa na mdororo mkubwa wa uchumi na ukosefu wa mtu wa kuishika.

Wazo lake lilibaki. Ligi nyingine za Weusi zilifuata miaka ya 1930, na ndani yake wakakua wachezaji wa kizazi kilichovunja ukuta. Jackie Robinson, aliyeanza kuichezea Brooklyn Dodgers Aprili 15, 1947, alikuwa ametokea Kansas City Monarchs, mojawapo ya timu nane za Foster. Monarchs hawakulipwa hata senti kwa kumpoteza. Wakubwa walipoufungua mlango, waliwachukua wachezaji mmoja mmoja na kuziacha timu, viwanja na wenye mali nje.

Mwaka 1981 Foster aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown. Desemba 2020, ikiwa imetimia miaka 100 tangu mkutano wa Kansas City, besiboli ya Marekani ilitangaza kwamba ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zihesabiwe kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu za wachezaji wake zikaunganishwa rasmi na za wengine wote.

Majina ya wachezaji hao sasa yako kwenye kitabu kimoja na ya wale waliowafungia mlango. Nusu ya uwanja wa Mtaa wa 39, ambayo Foster aliipata kwa kupeana mkono, haikuwahi kurudi kwa watu wake.